Spana Namba Kumi

Elinaja, juzi umenipigia unataka
nikuchagulie kihariri cha kuandikia Javaskripti,
ukidhani jibu ninalo mfukoni kama chenji.
Ngoja nikwambie yaliyonikuta hapa Pasua,
chumba cha nyuma ya gereji ya kaka,
ambako kompyuta yangu ina memori giga nne
na herufi E hubonyezwa kwa kucha.

Nilianza na kile kikubwa, kinachosifiwa na kila mtu.
Kukishusha tu, bando la wiki likaisha.
Kikafunguka taratibu
kama duka la Mangi asubuhi ya Jumapili.
Ndani, eh, rangi! Zambarau, chungwa, kijani,
na kikawa kinanimalizia maneno
kama mchumba mwenye haraka:
nafungua bano, chenyewe kimeshafunga.
Feni ikaanza kulia.
Kaka akachungulia dirishani:
“Hiyo inachemsha. Umeangalia maji?”

Nikahamia kile cheusi cha wakongwe,
kisichotaka kipanya wala menyu.
Chepesi! Kinafunguka sijakaa vizuri.
Ila kutoka…
Nilibonyeza kila kitufe,
nikataja watakatifu ninaowakumbuka,
mwisho nikachomoa waya ukutani,
na kwa kuwa betri ilikufa tangu Pasaka
tukatoka wote wawili.

Cha tatu kilinipa siku thelathini za bure.
Siku ya thelathini na moja kikanitajia bei, kwa dola,
kwa adabu zote, kama mhudumu wa hoteli ya watalii
aliyekuona umekaa na chupa ya maji ya kutoka nyumbani.

Nikaenda kumlalamikia Ndelilio.
Alikuwa chini ya Noah, inaonekana miguu tu.
“Nipe namba kumi,” mkono ukatoka.
Nikapekua sanduku. Nane ipo, kumi na tisa ipo,
zinang'aa, hazijawahi kushika nati;
kumi haipo. Kumi haipo siku zote.
Akachukua plaizi kuukuu, ikala pembe za nati,
akatukana, akafungua.

Usidhani nilipata funzo pale.
Nati ile iliharibika kweli, na mwenye gari alinuna.

Usiku nikarudi kwenye ukurasa wa chama cha kahawa cha Uru.
Kilo hamsini na tano za mama Aikande,
na thelathini alizoleta mwanawe,
jumla: elfu tano mia tano na thelathini.
Familia moja, miti michache, utajiri wa kata nzima.
Vihariri vyote vitatu vilikuwa vimepita pale
bila hata mmoja kupiga mstari mwekundu.
Nikafungua cha nne, kidogo, sikumbuki nani alinipa,
rangi zake nne, namba za mistari, basi.
Mstari wa mia mbili na kumi na nne:
tarakimu zimevishwa alama za nukuu,
zimejiona maneno,
na maneno hayajumlishwi, hushonwa ncha kwa ncha.
Nikazivua. Themanini na tano.
Nikahifadhi, LUKU ikilia mlangoni
kama mtoto anayedai chai.

Kwa hiyo sijui, Elinaja.
Mashine yako ina giga ngapi?
Huko Njiro umeme hukatika saa ngapi?
Hiki kidogo nitakutumia, ukijaribu, ukikichukia, futa.
Na ukija Moshi Jumamosi
pitia dukani Arusha, usisahau,
utuletee spana namba kumi. Mbili.