Wa Nani

Tobin aliuokota kando ya uzio wa Royce Haskew,
pale ambapo matope ya Aprili humeza buti mpaka kifundo,
akauinua juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu:
Tai! Shangazi, ni wa tai!

Sikusema ndiyo, sikusema la.
Mtoto wa miaka minane, mama yake amelazwa Springfield
wiki ya tatu sasa,
ana haki ya kuokota tai.

Lakini mkono wangu ulikwisha kuupokea,
na mkono ni mbeya, hauwezi kunyamaza.
Mrefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole,
uti wake mgumu kama penseli ya seremala,
na milia: nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe,
kana kwamba mpaka rangi alikuwa na rula, na haraka.

Tai mzima hana milia hii.
Bundi anayo, ila wa bundi ukiupunga hausemi kitu,
kingo zake zina vinyweleo vya kuibia usiku.
Upunge, nikamwambia.
Vuu. Vuu.
Basi si bundi, akasema, uso ukianza kusinyaa.
Wala si kanga wa Bi Ottilie:
kanga ana madoa, kama mvua ya kwanza juu ya vumbi.

Bata mzinga, nikasema. Wa porini. Wa bawani.

Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Bata mzinga kwake ni yule wa Novemba,
wa kwenye sinia, asiye na kichwa,
anayegombaniwa paja.

Ndipo tukayaona mengine, chini ya mwerezi,
madogo, mapana, yametawanyika
kama karata za mchezo ulioishia kwenye ugomvi.
Kivulini ni kahawia tu, kahawia ya kuchosha.
Nikamshika kifundo, nikamgeuzia mkono juani.
Shaba.
Geuza tena. Kijani.
Tena: rangi ile ya mafuta yaliyomwagika
kwenye dimbwi la kituo cha petroli.
Akasahau kufunga mdomo.

Sasa tazama ncha, nikasema. Ya dume ni nyeusi,
kama imechovywa wino.
Hizi?
Kama mchanga wa mtoni.
Basi ni jike.
Na nyuma ya kila unyoya, pale chini, umejibanza mwingine,
mdogo, wa pamba tupu, wa kutunza joto.
Nilijua neno atakalolisema, nikakaza moyo.
Akasema: Kama soksi ndani ya buti.

Mizizi sikutaka aione.
Unyoya uliodondoka wenyewe huacha kalamu nzima, safi.
Hizi zilikuwa zimetafunwa, zimepasuka, moja imepinda.
Aliziona. Mtoto haoni unachomwonyesha,
huona unachokifunika.
Mbweha?
Au koyoti.
Amekufa?

Nami kwa wiki tatu nimekuwa nikisema *atapona*
kwa sauti ya mtangazaji wa hali ya hewa,
mpaka neno limekwisha makali kama kisu cha siagi.
Nikatafuta mfupa. Nikatafuta damu kwenye majani ya mwaloni.
Nikapiga magoti, suruali yangu ya kazini ikalowa.
Hakuna.
Wakati mwingine, nikasema, huwaachia manyoya mdomoni, wakaruka.
Wakati mwingine siyo.
Sijui, Tobin.

Akatikisa kichwa, taratibu,
kama mtu aliyeulizwa bei na hatimaye ametajiwa.

Usiku alitoa viatu vya kanisani kwenye boksi lake,
akapanga manyoya ndani, ncha upande mmoja,
akaandika juu ya kifuniko kwa kalamu nyekundu:
BATA MZINGA. JIKE. HAIJULIKANI.

Ule mrefu hakuuweka.
Huu ni wa mama, akasema. Jumamosi.
Kwanza nitamwambia ni wa tai,
nione kama atajua.