Ngazi ya Saba

Wanasema tulikimbizwa.
Nami kwa miaka tisa nimewaacha waseme,
maana neno hilo ni blanketi zuri,
hasa hapa Tampere, Novemba, saa tisa alasiri
na giza limeshaketi.

Ngazi ya saba: mgodi uliojaa maji.
Mchezaji ana taa, anavuta mkokoteni,
anavuta, anavuta,
maji yakimfika kiunoni anarudishwa mwanzo
akavute tena. Dakika arobaini.
Hata mama yangu, aliyenunua mchezo
ili aupange kabatini karibu na sahani za harusi,
alisikia kwa jirani kuwa hapo pabaya.

"Mwaka ule mlilala ofisini," wananitetea,
"mwenye fedha aliutaka kabla ya Krismasi."
Kweli. Tulilala chini ya meza
katika kiwanda cha zamani cha pamba,
maporomoko yakinguruma dirishani,
Raakel akapoteza kilo sita na mchumba.
Kweli tupu.
Ila mgodi haumo katika kweli hiyo.

Mgodi niliuchora Mei.
Mei, jamani! Jua linakesha,
nina kahawa, nina penseli, sidaiwi na mtu.
Niliujaribu mara ishirini nikauona mtamu,
kama mpishi aonjaye mchuzi wake
mpaka ulimi unasahau chumvi.
Eljas akaucheza, akapiga mwayo.
Nikamwambia: hujaelewa.

Na yule mbweha wa theluji je,
ambaye watu wamejichora mikononi,
anayekungoja ukichoka, anayegeuka nyuma
mara moja tu?
Raakel alimtengeneza usiku mmoja
kwa sababu daraja liligoma kusimama
na siku za kulijenga upya hatukuwa nazo.
Alitafuta kitu cha kuziba pengo.
Haraka haraka haina baraka, eti.
Kamwulize mbweha.

Lakini ngoja, nisijichape mpaka nijisifu.
Juma la mwisho niliuona ubovu.
Saa kumi alfajiri, macho yamejaa mchanga,
nikaona wazi: ondoa mkokoteni. Basi.
Kazi ya siku tatu.
Tulikuwa na siku moja,
nayo ilikwisha ahidiwa herufi za Kireno.

Sasa kosa ni la nani, la mkono au la saa?
Sijui. Muda haubuni kitu.
Muda hukupa tu nafasi
ya kuona aibu mapema, peke yako,
kabla haijawa ya watu wote.

Leo mpwa wangu Aapo, miaka kumi na miwili,
yumo mgodini, juu ya kochi langu, anavuta.
"Nani alitengeneza upuuzi huu?"
Haondoi macho kwenye kioo.
Lile neno liko tayari mdomoni,
limeshavaa viatu.
Maji yanamfika kiunoni. Anarudishwa mwanzo.

"Mimi," nasema. "Na nilikuwa na muda."

Ananitazama kwa mara ya kwanza jioni hii,
kisha ananikabidhi pedi.
"Basi vuta wewe."