Yowe

Kwetu Bombo likipigwa yowe usiku
hakuna anayeuliza mbuzi ni wa nani.
Babu Mursal alitoka na rungu, kanzu kaivaa nje ndani,
Mama Zamzam na mchi wa kinu,
hata Kenyi, waliyekuwa hawasemezani tangu Ramadhani,
akaja, kanuna vilevile, panga mkononi.

Huko Geneva nao walikuwa na ahadi kama hiyo:
mmoja akivamiwa, wote watoke.
Wakaitia wino, wakaipiga muhuri, wakaenda kula.

Yowe la kwanza lilitoka Manchuria. Mbali, wakasema.
La pili Uhabeshi, hapa jirani:
wakamnyima mwizi vitu vya dukani,
pipa la mafuta wakamwachia.
La tatu Praha. Mwenye nyumba
hakuitwa hata kikaoni;
aliambiwa alfajiri vyumba vipi si vyake tena.

Babu, karani wa stoo kambini,
aliyasoma haya kwenye magazeti ya kufungia sabuni,
miezi baada ya kutukia.
Pembeni mwa daftari la mablanketi akaandika:
"Mlango wa jirani ukivunjwa, kagua bawaba zako."

Mwaka wa arobaini mablanketi yakaisha.
La mwisho alijisainia mwenyewe,
akapanda lori kwenda Uhabeshi,
kuitikia yowe
lililopigwa miaka mitano nyuma.

Daftari ninalo mimi.
Mwandiko wake umelala kidogo kushoto.
Kwenye safu ya "yaliyorudishwa",
mbele ya jina lake,
hapana kitu.