Nyanda Nne

Februari, juu ya Runcu. Theluji ya jana usiku
imelala kama unga uliochekechwa na mtu asiye na haraka.
Baba amepiga goti, glavu ameivua kwa meno.
Ofisi ya misitu inataka hesabu ya ayala:
madume mangapi, majike mangapi,
ndama wangapi wameuvuka mwezi wa njaa.
Ofisi yenyewe haiji huku. Humtuma Gavrila,
na Gavrila mwaka huu amenichukua mimi, Rodica,
bintiye aliyerudi juzi kutoka Italia,
miaka saba nikiwageuza wazee wa watu vitandani.

"Pima."
Nalaza vidole ndani ya alama: kimoja, viwili, vitatu,
na cha nne kinaingia nusu.
"Jike," nasema.
"Au?"
"Au dume mchanga."
"Basi ukwato umekwisha kusema. Sasa iulize hatua."

Tunaifuata hatua chini ya misonobari.
Mguu wa nyuma umeupita wa mbele, ukatua mbele yake,
ncha kali, zimekata theluji kama mkasi mpya.
"Kijana," asema Baba. "Ana haraka ya kufika
mahali asipopajua."
Naandika kwa penseli, maana wino umeganda:
dume, miaka miwili.

Kwenye kijito, jike. Huyu namjua bila kuambiwa:
miguu ya nyuma imekanyaga nje kidogo ya ile ya mbele,
kama mama abebaye ndoo mbili.
Yuko na mzigo. Naandika moja, nasita,
naongeza nukta pembeni.

"Na usisahau," asema, akinyoosha mgongo kwa awamu,
"umri wa unyayo si umri wa mnyama.
Jua ni mwongo. Alama ya saa mbili asubuhi,
ukiifikia saa nane imevimba,
na mjinga atarudi kijijini kusimulia jitu.
Bana ukingo. Ukivunjika kama biskuti, alipita usiku.
Ukiwa laini, usikohoe:
mwenyewe amesimama mahali, anakusikiliza."

Kisha, penye jiwe la chumvi, tukanyamaza wote wawili.
Nyanda nne, na nafasi ya kidole gumba juu yake.
Ncha butu, zimelika kama kijiko cha bibi
kilichokwangua sufuria moja maisha yote.
Kushoto na kulia vimeachana mbali,
vile vikwato vidogo vya nyuma vimezama navyo,
uzito wote umeshuka hadi kisigino.
"Huyu," asema Baba, "amekula chumvi nyingi,"
nami nikacheka, kwa kuwa jiwe lilikuwa pale pale,
limelambwa hadi likaota kiuno.
Yeye hakucheka.
"Kumi. Pengine kumi na mmoja. Tazama:
mguu wa nyuma haufiki tena ulipokanyaga wa mbele."

Hatukumwona. Tulisikia tawi, basi.

Tulirudi kwa njia tuliyojia,
mbwa mbele, Baba katikati, mimi na daftari nyuma,
na zile nyayo zetu za alfajiri zikitukabili.
Zangu nilizipita.
Zake zilinisimamisha.
Buti la kushoto limeburuta mstari mwembamba
kutoka hatua hadi hatua, kama mtu anayepiga mstari
chini ya maneno asiyotaka yasahaulike.
Kati ya kisigino na kisigino
buti langu liliingia mara moja, likakosa nafasi ya pili.
Nilikumbuka wakati nilihitaji kuruka
ili nikanyage alipokanyaga.

Nilikuwa nimechutama, vidole tayari ndani,
alipogeuka akanikuta.
"Hizo ziache," alisema. "Jua limeziharibu."

Nilitazama juu. Wingu zito, la tangu alfajiri,
halikuwa limefunguka hata kwa upana wa wanda.
Nikabana ukingo. Ukavunjika.

"Ni kweli, Baba," nikasema.
"Jua la leo kali."