Nasubiri Kuunganishwa

Theluji ya Tartu haina haraka.
Inashuka juu ya maghorofa ya Annelinn
kama mtu anayetafuta funguo mfukoni,
nami nimeketi jikoni na soksi za sufu,
kompyuta moja mezani
na ndani yake kompyuta mbili zisizo na mwili.

Ya kwanza nimeiita Daktari.
Ya pili, Mgonjwa.
Mgonjwa amebeba dereva niliyemwandika mimi
(si wa gari: wa kifaa kinachopima unyevu wa mbao
katika kiwanda cha Bwana Tõnisson kule Võru).
Kila asubuhi, ubao wa kwanza ukipita,
mashine inazimika, skrini buluu tupu,
na Bwana Tõnisson hunipigia. Hagombi.
Husema tu, "Imelala tena."
Ningependa agombe.

Kosa limo kwenye kiini,
na kiini hakijitazami:
ukikisimamisha, kinasimama na macho yake,
na mkono wake, na saa yake.
Hakuna anayejipasua tumbo
huku akijishikia taa.
Ndiyo maana zinatakiwa mbili.

Basi nikavuta bomba baina yao,
bomba la jina tu, lisilo chuma wala kutu,
mwendo laki moja, kumi na tano elfu na mia mbili.
Nikamwambia Mgonjwa: ukiamka, kubali kuchunguzwa.
Nikamwambia Daktari: sikiliza.
Daktari akaandika,
Nasubiri kuunganishwa.

Nikachemsha chai.
Nasubiri kuunganishwa.
Nikala mkate mweusi na dagaa wa kopo.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo;
hawakusema mshindo huo huja saa ngapi.

Nikabadili mwendo. Nikaurudisha.
Nikagundua mlango wa kwanza umeshikwa na printa,
printa ya kufikirika
katika mashine ya kufikirika,
nayo ina kiburi cha mwenye nyumba.
Nikaifukuza.
Nasubiri kuunganishwa.

Saa nane usiku ndipo nilipoliona,
kwenye kisanduku kidogo nilichokipita mara sita:
pande zote mbili nimeziandika mpokeaji.
Zote mbili zimetega sikio.
Hakuna iliyoambiwa ipige hodi.

Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.
Kisha nikaacha, kwa sababu ya Urve,
dada yangu, Septemba yote na Oktoba yote,
yeye Pärnu, mimi hapa,
kila mmoja na simu yake kifudifudi mezani
kwa ugomvi wa jiko la chuma la mama,
nani alichukue.
Lakini hiyo haikuwa kazi ya usiku ule.

Nikabadili neno moja. Upande mmoja: mpigaji.
Nikamwamsha Mgonjwa.
Bomba likakohoa, mistari ikamiminika,
nami nikabonyeza, nikamsimamisha.

Sijui kama umewahi kusimamisha ulimwengu.
Kishale kilikoma katikati ya kupepesa.
Saa ya pembeni ilibaki nane na dakika kumi na nne.
Nikaingia na taa, rejista moja moja,
tabaka kwa tabaka, mpaka kwenye ubao wa kwanza:
dereva wangu anaomba kumbukumbu, anapewa,
anairudisha,
anairudisha tena.
Mara mbili! Kama mpangaji mwaminifu mno
aliyekabidhi funguo, akasahau,
akarudi kesho yake kukabidhi nyumba
ambayo tayari ina watoto wa watu wengine.

Nilipomwachia aendelee, saa yake iliruka
moja kwa moja hadi kumi kasoro dakika nane.
Hakuuliza alikuwa wapi.
Nje, gari la kukwangua theluji lilipita na taa ya njano.
Nikaandika namba ya mstari wenye kosa
juu ya bahasha ya bili ya umeme,
na chini yake, kwa kalamu hiyohiyo, namba ya Urve,
ingawa naikumbuka hata nikilala.