Wageni wa Boksi la Sabuni

Shemeji Luvanda alishuka stendi ya Moshi
na boksi la sabuni ya mche, limetobolewa kwa msumari.
"Marehemu kaka aliwapenda mno hawa," akasema.
Akala machalari, akalala,
akarudi Njombe na basi la alfajiri
bila kufafanua yalikuwa mapenzi ya namna gani.

Nikafungua. Simbilisi wawili,
mmoja rangi ya chai iliyolala, mmoja mabaka meupe,
wamebanana kwenye kona
kama watoto waliovunja sahani.
Hawana mkia. Nilitafuta.
Nikamgeuza mmoja, nikatafuta tena.

Siku ya kwanza niliwapa ugali na dagaa;
mgeni hukaribishwa na kilichopo jikoni.
Wakatazama. Wakarudi kwenye kona yao.
Usiku nikalala chali nikihesabu makosa:
bakuli limeinuka mno, paka wa Mama Aikande,
na baridi ya Julai
inayoshuka mlimani na kupita chini ya mlango bila hodi.

Kulipokucha nikaenda Mbuyuni, duka la dawa za mifugo.
Kijana Elirehema alicheka kwanza, kisha akaweka kalamu chini.
"Mama, meno yao hayaachi kuota.
Wape majani makavu, siku zote, kuliko kitu kingine.
Na hoho. Mwili wao, kama wetu,
haujui kujitengenezea kilichomo kwenye hoho.
Asiyenunua hoho atawazika."
Alisema kwa upole, lakini lile neno kuzika
nililibeba hadi Pasua, ndani ya kikapu,
na lilikuwa zito kuliko hoho zenyewe.

Basi nikawa mtu wa majani.
Mimi, fundi cherehani, mwenye sare za kwaya mbili zinazongoja,
nainama kando ya mfongo na mundu wa kuazima.
Wapita njia wanauliza, "Umefuga ng'ombe?"
Nasema, "Wawili."

Fundi Kisanga akanipa gunia la maranda.
Nikawashonea pango kwa masalia ya sare,
zambarau, na kola nyeupe mlangoni;
wakaingia na kutoka kama wazee wa kanisa.
Nikajifunza kutowashika kutoka juu,
maana mwewe hushuka hivyo.
Mkono unatoka chini, unangoja,
unangoja tena, unakufa ganzi,
ndipo pua yenye unyevu inakuja kuusoma.

Siku ya kumi na tisa nilirudi na mchicha.
Karatasi ya gazeti ilipochakarika tu, kutoka pangoni:
kwii! kwii! kwii!
Nilisimama na ufunguo mkononi.
Miezi minane tangu msiba,
na nyumba hii haikuwahi kuniita.

Jumapili Luvanda akapiga simu.
"Shemeji, uliwaunga na nazi au uliwakaanga?"
Nikanyamaza.
Mwenye mabaka alikuwa anatafuna unyasi mmoja mrefu,
unaingia mdomoni taratibu kama uzi kwenye mashine,
na ananitazama.
Ndipo nikaelewa mapenzi yale.
Ee mume wangu, wewe uliyependa kila kitu kikiwa na chumvi!
Nikacheka mpaka nikakalia pini,
kicheko cha kwanza, kikubwa, cha aibu,
na huko Njombe mtu anaita, "Haloo? Haloo?"

"Shemeji," nikamjibu, "bado wanakua."

Si uongo. Mwenye mabaka ananenepa upande na upande,
tumbo linaburura maranda.
Huenda ni hoho. Nikiweka kiganja, kitu kinapiga teke.
Kesho nitamuuliza Elirehema.
Leo, kabla sare za kwaya,
nakata kitambaa cha pango la pili.