Jicho la Gari

Gari la mtumba, bado linaongea Kijapani.
Nimelipangia themanini, linashika mwendo lenyewe;
likiona lori mbele linapunguza,
lori likikata kona linakazana tena,
na mguu wangu wa kulia, tangu Magu,
umekaa kama mgeni asiyepewa kazi.

Nyanzala hapendi.
"Linaona lori. Na mkokoteni je?
Na ng'ombe aliyesimama tu barabarani, anawaza?"
Nikacheka.

Karibu na Nyanguge ziwa likatoa moshi,
kumbe wadudu, wingu zima,
wakaganda kwenye kioo, kwenye nembo ya mbele
ambako jicho limefichwa.
Gari likatamka neno moja. Hatukulielewa.
Mbele yetu baiskeli, magunia mawili ya dagaa, haina taa,
na themanini ikabaki themanini.

Mguu ndio uliojua.

Harufu ya tairi. Mwenye baiskeli akapunga mkono,
akidhani tumempisha.

Kisesa nikashuka na kitambaa cha maji,
nikalifuta lile jicho taratibu
kama mtoto mwenye tongotongo.
Kisha nikazima kitufe: mbele ni mjini,
bodaboda hazina foleni.
Nyanzala hakusema kitu.
Aliutazama tu mguu wangu.